Msimu wa mvua: namna ya kufunga mbuzi wako na la kufanya wakiingia shambani

Mvua zikianza, kwa kawaida Machi au Aprili, mashamba ndani na kando ya makazi ya Lobule (Koboko), Rhino Camp na Imvepi hupandwa mihogo, mahindi, karanga na ufuta. Mbuzi waliozoea kuzurura wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, sasa wanapaswa kufungwa au kuchungwa.

Kwa nini ni muhimu?

Mgao wa chakula kwa wakimbizi ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, na tangu 2023 hutolewa kulingana na mahitaji ya kila kaya. Kwa familia nyingi, shamba dogo ndilo linaloziba pengo hilo. Mbuzi wachache wanaweza kulimaliza kwa asubuhi moja.

Wewe pia unaweza kupata hasara. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, na mbuzi akila mengi kwa mara moja anaweza kufa.

Kumbuka pia kuwa ardhi hii ni ya kimila na ilitolewa na wenyeji. Ugomvi wa mbuzi mmoja unaweza kuharibu ujirani wa bloku nzima.

Namna ya kumfunga mbuzi

- Tumia kamba ya mita 3 hadi 5 na kigingi imara. Pima kwanza: kamba ikinyooshwa, mbuzi asifikie mazao ya mtu.
- Kitanzi cha shingoni kisikaze. Vidole viwili vipite kati ya kamba na shingo.
- Chagua mahali pasipo visiki wala vichaka, kwa sababu kamba ikizunguka huko mbuzi anaweza kujinyonga.
- Mhamishe angalau mara mbili kwa siku. Akibaki mahali pamoja hukosa majani, na hupata minyoo.
- Mpe maji na kivuli kila siku. Mbuzi anayenyonyesha huhitaji maji zaidi.
- Usiku mlaze zizini. Usikate miti ya wenyeji kujenga uzio bila ruhusa. Unaweza kupanda mkonge au minyaa.

Kama mna mbuzi wengi, majirani wanaweza kuchunga kwa zamu. Usimwache mtoto akose shule kwa ajili ya kuchunga.

Mbuzi wa mtu ameingia shambani mwako?

1. Usimpige, usimkate wala usimtegee sumu. Ukimuumiza au kumuua, wewe uliyekosewa utageuka mkosaji.
2. Mfunge mahali penye kivuli, mpe maji, kisha mtafute mwenyewe.
3. Mwite mwenyekiti wa bloku aone uharibifu siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi. Piga picha kama una simu.
4. Kubalianeni fidia: fedha, mbegu au kazi ya kupanda upya. Andikeni makubaliano na kila upande utie sahihi.

Ikiwa mwenye mbuzi ni mwenyeji, au mbuzi wako ameingia shamba la mwenyeji, mwenyekiti wa wakimbizi (RWC1) na mwenyekiti wa kijiji (LC1) wakae pamoja kusikiliza. Msipoelewana, peleka suala kwa Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) katika makazi yako. Kama kuna vitisho au mtu ameumizwa, nenda polisi mara moja.

Mbuzi wako ndiye aliyeharibu? Usingoje kuitwa. Nenda wewe kwanza, uone shamba na kuomba radhi. Kesi nyingi huwa ngumu kwa sababu mwenye mbuzi alijificha.