Kosa la Mwenzako: Adhabu ya Pamoja na Kuzaliwa kwa Platuni

Platuni nzima imesimama mguu sawa kwenye jua kali kwa sababu kuruta mmoja amechelewa kutoka hangani. Afande haulizi ni nani. Anajua, nao wanajua. Jasho linatiririka na hakuna anayethubutu kugeuza shingo. Waliopita kambini hulikumbuka tukio la namna hii kwa fahari, wakisema hapo ndipo walipoanza kuwa wamoja. Makala haya yanaihoji kumbukumbu hiyo. Nadai kwamba adhabu ya pamoja hujenga umoja pale tu makuruta wanapoachiwa uwezo wa kulirekebisha kosa lenyewe. Wasipoachiwa, hujifunza jambo moja: kumtafuta wa kumlaumu.

Swali hili lina uzito wa pekee Tanzania. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963 ili kuwalea vijana katika kazi, ukakamavu na uzalendo. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013, na leo wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwa takriban miezi mitatu katika kambi kama Ruvu, Makutupora, Mafinga na Oljoro. Miezi mitatu ni michache. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkurugenzi hulala hanga moja, hula chakula kimoja na kuvaa kombati za rangi moja, lakini kufanana kwa mavazi hakujawafanya bado watu wanaotegemeana.

Wengi hutaja kwata kuwa ndiyo inayowaunganisha. Mwanahistoria William McNeill, aliyeingizwa katika jeshi la Marekani mwaka 1941, aliandika mwaka 1995 kitabu kizima kuhusu furaha ya ajabu aliyoipata alipokuwa akitembea kwa hatua moja na wenzake. Aliona kwamba mwendo wa pamoja, katika gwaride au katika ngoma, huyeyusha mipaka kati ya mtu na mtu. Aliyewahi kukimbia mchakamchaka alfajiri huku chenja zikiitikiwa na mamia ya sauti hatabishana naye. Mapafu yanawaka moto, lakini miguu inaendelea kwa sababu wimbo unaendelea. Hata hivyo, hali hiyo ni ya mwili, nayo haichagui. Humfanya kuruta ajisikie sehemu ya wengi bila kumfundisha la kufanya pale mmoja wa hao wengi anapoanguka.

Hoja ya pili, iliyo na nguvu zaidi, ni ile ya mateso: walioteseka pamoja hupendana. Utafiti unaitegemeza kwa kiasi. Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills walionyesha kwamba watu waliopitia masharti mazito ili wakubaliwe katika kundi walilithamini kundi hilo kuliko waliopokewa kwa wepesi. Lakini tutazame walichopima. Walipima kulipenda kundi. Hawakupima kufanya kazi pamoja, na kwa askari tofauti hiyo ni kubwa mno. Robert MacCoun, aliyechunguza utafiti kuhusu ushikamano jeshini, alitenganisha ushikamano wa urafiki na ushikamano wa kazi, akaona kwamba huu wa pili ndio unaofungamana na ufanisi. Brian Mullen na Carolyn Copper, walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 1994, walikuta jambo linalostahili kubandikwa katika kila ofisi ya wakufunzi: kufaulu kwa kundi huzaa ushikamano kwa nguvu zaidi kuliko ushikamano unavyozaa kufaulu.

Tukiupeleka ukweli huo kambini, tunapata kipimo cha kutofautisha adhabu na adhabu. Chukulia mbio za platuni ambazo muda wake huhesabiwa kwa anayefika mwisho. Hapa udhaifu wa mmoja ni mzigo wa wote, na mzigo huo unabebeka. Wanaweza kumweka mkimbiaji mzito mbele ili yeye ndiye aamue kasi. Wanaweza kugawana begi lake, au kumpa pembeni mtu wa kumsemesha. Wakishindwa leo, usiku watajadiliana, na kesho watajaribu njia nyingine. Siku watakapofika wote ndani ya muda, yule mzito atakuwa amefika kwa akili na mabega ya wenzake, nao watakuwa wameonja ushindi ambao hakuna aliyeweza kuupata peke yake.

Sasa chukulia kuruta aliyepoteza mkanda, na platuni ikaamriwa kugaagaa matopeni kwa ajili yake. Mkanda hauonekani kwa kugaagaa. Hakuna wanachoweza kurekebisha, ila hasira imeshamiminwa na inatafuta pa kwenda. Taa zikizimwa, itakwenda kitandani kwa mtu mmoja. Afande anaweza kuona kesho yake nidhamu isiyo na dosari na asijue kwamba kuna kijana ameacha kulala. Hili silichukulii kuwa ukali uliozidi kidogo. Ni kuwafundisha vijana kwamba usalama wa kundi hununuliwa kwa kumtoa aliye dhaifu, na fundisho hilo watarudi nalo uraiani.

Ipo pia hatari ya upande wa pili, ya ushikamano uliokomaa chini bila kufungwa na walio juu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Uasi ukafika Tabora. Hawa hawakuwa watu wasiojua kwata. Kuwakamata maofisa wao na kushika sehemu muhimu za jiji kulihitaji utii wa askari kwa askari. Kilichokosekana ni imani kati yao na waliowaamuru. Jeshi lao lilivunjwa, na Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi, kwa dhamira ya kumfunga askari na taifa lake tangu siku ya kwanza ya ukuruta.

Imani hiyo huanza kwa mkufunzi, naye huipata kwa mambo madogo ambayo makuruta huyahesabu kimyakimya: amekimbia nao au amesimama kivulini, amekula baada yao au kabla. Adhabu ya pamoja inayotoka kwa mtu aliyemo ndani ya huo upamoja hupokelewa tofauti kabisa na ile inayotupwa kutoka nje. Kwa hiyo, tunapotathmini mafunzo haya, siku ya gwaride la kufunga hutuambia machache. Ningependa mtathmini afike wiki mbili kabla, bila taarifa, asimame langoni jioni platuni inaporudi kutoka matembezi marefu, aandike wa mwisho ameingia saa ngapi, na ameingia na nani.