Mlango Gani Utafunguka?

Kitabu cha kuongoza wageni mjini kwa kawaida hujibu swali rahisi: hapa kuna nini cha kuona? Makumbusho, bustani, hoteli ya bei nafuu. Mwaka wa 1936, kitabu kimoja chembamba kilitoka New York kikijibu swali lingine: ni wapi sitafukuzwa?

Aliyekitunga, Victor Hugo Green, alikuwa mtu mweusi aliyefanya kazi ya kupeleka barua za posta. Aliishi Harlem, na kazi yake ilikuwa ng'ambo ya mto, New Jersey. Kitabu chake kilikuja kujulikana kama Green Book, na toleo la kwanza lilihusu New York na viunga vyake tu.

Hapo wengi hushtuka. New York? Si ubaguzi ulikuwa kule kusini, Alabama na Mississippi? Ndiyo, na kule ulikuwa sheria, kwa hivyo ulikuwa na kibao: mlango huu wa Wazungu, ule wa weusi. Lakini sheria ya jimbo la New York ilikataza ubaguzi hotelini na mikahawani tangu 1895. Kibao hakikuwepo. Kulikuwa na karani wa mapokezi, mpole sana, anayekwambia samahani, vyumba vimejaa. Sasa utabishana naye vipi? Mji wa aina hiyo huwezi kuusoma kwa macho. Unahitaji mtu aliyekutangulia akuambie.

Hata Harlem penyewe hapakuwa salama. Pale Cotton Club, Duke Ellington alipiga muziki jukwaani, lakini mtu mweusi hakukaribishwa kuketi na kusikiliza. Hotel Theresa, jengo refu la mtaa wa 125 lililofunguliwa 1913, lilianza kupokea wageni weusi mwaka wa 1940. Yaani miaka 27 watu walipita nje ya hoteli ya mtaani kwao wakijua si yao.

Ndani ya Green Book maelezo matamu si mengi. Sehemu kubwa ni majina na anwani: hoteli, saluni, vinyozi, mafundi wa nguo, gereji, klabu kama Small's Paradise, YMCA ya mtaa wa 135. Kwenye miji isiyokuwa na hoteli ya kumpokea mtu mweusi, utakuta nyumba za watu binafsi, nyingi kwa jina la mama fulani aliyekuwa na chumba cha ziada. Habari zilitoka kwa wasomaji na kwa wapeleka barua wenzake Green. Nani angejua milango ya mji kuliko wao?

Septemba 1959, wanafunzi 81 Wakenya walitua New York kwa ndege ya mpango wa Tom Mboya. Nairobi waliyoiacha ilikuwa imegawanywa mitaa kwa rangi. Mji waliofikia ulikuwa wa uhuru, kwa sifa zake, lakini mwaka huo Green Book bado ilikuwa inauzwa.

Green aliandika kwamba siku itafika kitabu chake kisihitajike. Alifariki 1960. Sheria ya Haki za Kiraia ikapita 1964, na toleo la mwisho likawa la 1966-67. Ushindi, kweli. Ila wateja walipopata ruhusa ya kulala popote, nyingi za biashara zilizowahifadhi ziliishiwa. Theresa ilifungwa kama hoteli 1967, ikageuzwa ofisi. Watu waliofungua mlango wakati wengine wamefunga hawakupata chochote siku milango yote ilipofunguliwa.

Kitabu bado kinasomeka. Maktaba ya Schomburg, iliyo kwenye mtaa uleule wa 135, imeweka matoleo mengi mtandaoni, bure. Fungua ukurasa wa New York, weka ramani ya leo kando, ufuate anwani moja baada ya nyingine. Small's Paradise sasa ni shule. Kwingine utakuta ghorofa mpya. Hapo ndipo utaona kwamba orodha ile ilikuwa ya watu waliosema, karibu, ingia, wakati sehemu kubwa ya mji ilisema imejaa.