Vijiti vya Mama

Mama alistaafu uuguzi akiwa na vitu viwili ambavyo hakuvirudisha kazini: saa ya kubandika kifuani, na kaunta buku moja yenye gamba jeusi. Saa ilikuwa yake. Kaunta buku, kusema kweli, ilikuwa ya serikali, au ingekuwa ya serikali kama serikali ingeinunua. Aliinunua mwenyewe Keroka, kwa sababu rejista za wizara zilikuwa zimekwisha na wagonjwa hawakuwa wamekwisha.

Ndani amechora safu kwa rula: tarehe, jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Pembeni kuna vijiti, vinne vimesimama na cha tano kimelazwa juu yao. Kila jioni alivihesabu. Mwezi ukiisha alijumlisha, akajaza fomu na kaboni katikati, kisha akapanda matatu kuipeleka mjini kabla ya tarehe 5. Utotoni nilimwona na rula mara nyingi kuliko na sindano.

Kazi hii ina ukoo mrefu. Florence Nightingale alirudi kutoka vita vya Krimea na hesabu za askari waliokufa kwa maradhi badala ya risasi, akazichora ili wakubwa waone. Huko Marekani chama cha wauguzi kilitambua mwaka 1992 kwamba kushughulika na taarifa ni tawi kamili la uuguzi. Mama hakuwa na habari hizo. Yeye aliita kazi hiyo "kufunga mwezi", na aliichukia kama kuosha masufuria ya arusi.

Ukurasa ninaourudia kila mara ni wa Juni 1999.

Gusii ni milima, na zamani baridi ya milima ilikuwa ukuta wetu. Mbu wa malaria hawakustawi huku kama kandokando ya ziwa, na kwa sababu hiyo watu hawakujenga kinga. Ukuta huo ulipobomoka, uliwaangukia wakubwa kwa wadogo. Miaka ya 1990 ilikuwa ya milipuko: mvua za masika zikipungua, zahanati zinafurika. Klorokwini ilikuwa imeshindwa, na mwaka 1998 wizara iliamua kuiacha na kutumia SP. Lakini uamuzi wa Nairobi na dawa kufika kwenye kabati la kijijini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Katika ukurasa huo vijiti vimejaa safu yao, vikavuka mstari, vikapanda hadi pambizoni. Mwandiko wa Mama, ambao kawaida ulikuwa wa shule ya misheni, unainama kama mtu anayekimbia. Mstari wa nne kutoka chini kuna mtoto wa shangazi yangu, umri miaka 3. Safu ya dawa mbele ya jina lake haina kitu.

Mama alifunga mwezi kama ada na kupeleka fomu mjini. Ofisi iliyoipokea sitaitaja, na aliyekuwepo siku hiyo huenda naye alikuwa amelemewa. Fomu ilikaa. Dawa za ziada zilifika wakati vijiti vimeshaanza kupungua vyenyewe. "Nilikuwa nimewaandikia," Mama alisema miaka mingi baadaye. "Kila siku niliwaandikia." Nilimjibu kwamba aliandika kila siku lakini aliwapelekea mara moja kwa mwezi. Hakusema nami hadi jioni. Nilikuwa na haki, na bado najuta.

Kompyuta ilimfikia kupitia mlango wa shule. Wauguzi wengi wa zahanati walikuwa wa cheti, na mwaka 2005 Amref, Baraza la Wauguzi na kampuni ya Accenture walianzisha masomo ya kielektroniki ya kuwapandisha hadi diploma. Lengo lilikuwa wauguzi 22,000, idadi ambayo vyuo visingeweza kuibeba kwa madarasa ya kawaida. Mama alikuwa na miaka 46. Alikishika kipanya kama anayeshika yai. Kijana aliyewafundisha akamwambia, "Baba, bonyeza mara mbili." (Msomaji wa pwani asishangae: kwa Ekegusii baba ni mama, na tata ndiye baba.) Alibonyeza mara kumi. Lakini alihitimu.

Mwaka 2011 Kenya ilisambaza mfumo wa DHIS2 nchi nzima, na takwimu za vituo zikaanza kusafiri kwa intaneti. Watu husimulia hapo kana kwamba karatasi ilikufa. Haikufa! Mama aliendelea kujaza fomu ileile, mtu mwingine mjini ndiye aliyeiingiza. Mwaka 2012 ikaja KenyaEMR, kwanza kwenye vyumba vya wagonjwa wa HIV, maana huko ndiko pesa za wafadhili zilikokuwa. Imejengwa juu ya OpenMRS, ambayo sasa hutumika nchi nyingi, na asili yake mojawapo ni kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kulikowekwa mfumo mdogo wa kumbukumbu mwaka 2001. Hilo hunifurahisha.

Shida ilikuwa majina. Sisi huwapa watoto majina ya jamaa waliotangulia, basi jina moja huzunguka ukoo mzima. Andika Kerubo kwenye kompyuta ya Nyamira uone watakavyopanga foleni! Mama alimjua kila Kerubo kwa kijiji chake, kwa mamamkwe wake, kwa kovu. Mashine ilimjua kwa herufi, na siku moja stima iliporudi, mwenzake alifungua faili la Kerubo asiyekuwepo. Mama aliuliza swali moja tu, "Wewe umeolewa wapi?" Faili likafungwa.

Mwaka jana nilimsindikiza zahanati fulani, yeye na jirani yetu, omong'ina ambaye namba yake ya simu imesajiliwa kwa mwanawe aliye Nairobi. SHA ilitaka namba ya siri itumwe kwenye simu hiyo. Mwana hakushika. Kisha netiweki ikapotea kabisa, na sista, binti mpole, akavuta droo na kutoa kaunta buku.

Mama aliitazama.

"Jumatatu mlipata wangapi wa homa?"

"Sijui, baba. Netiweki ikirudi nitaingiza, halafu itatuonyesha."

"Na jana?"

Binti alicheka kwa aibu. Mama akaomba kaunta buku ile na kalamu, akaketi kwenye benchi la wagonjwa karibu na omong'ina, akavaa miwani, akaanza kupiga vijiti.