Miaka 34 ya Kusubiri Jibu

Kutoka Kibwezi unapanda matatu ya Mutomo, unafika Kitui. Mara ya mwisho nilipopita njia hiyo, makala yangu ya utafiti yalikuwa yamekaa kwa wahakiki wa jarida fulani miezi 14. Kila asubuhi nafungua imeili, wapi! Nilikuwa nimeamua kuyaondoa. Halafu nikamkumbuka Krapf.

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara Mkamba aliyeongoza misafara hadi pwani. Kivoi ndiye aliyemsimulia habari za mlima mmoja mkubwa. Siku hiyo mawingu yakafunguka, Krapf akauona: vilele viwili, na weupe. Akaandika.

London hawakumwamini. Mwaka mmoja kabla, mwenzake Rebmann alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro, naye akabishiwa. William Desborough Cooley, mtaalamu aliyeijua Afrika kwa vitabu tu, alishikilia: theluji karibu na ikweta? Ati nini! Kitabu chake cha 1852 kiliendelea kubisha.

Tuseme ukweli, kutilia shaka si kosa. Krapf aliuona mlima kwa mbali, tena kwa muda mfupi. Kosa la Cooley ni kuhukumu bila kwenda kuangalia. Na kuangalia ndiko kunakokula muda. Mhariri atafute mtu anayeujua mlima wako. Huyo naye, bila malipo, aibe saa kwenye kazi zake, akuonyeshe ulipoteleza.

Aliyemwangalilia Krapf alikuwa Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Laikipia mwaka 1883 akaiona theluji. Miaka 34! Kivoi alikuwa ameuawa 1851, Krapf alifariki 1881. Hakuna aliyelisikia jibu.

Lakini Krapf hakukaa akingoja tu. Aliendelea na kazi ya lugha, na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka 1882, yeye akiwa kaburini. Kuhusu mlima, alikuwa ameacha tarehe, mahali na alichokiona, ili mwingine aweze kukagua.

Makala yangu sikuyaondoa. Nilimwandikia mhariri kwa upole kuuliza yamefikia wapi, kisha nikaanza utafiti mwingine. Pia nilirudi kwenye shukrani, nikaongeza majina ya wenyeji walionionyesha njia. Kumbe nilikuwa nimewasahau. Kivoi aliujua mlima kabla ya Krapf, na hakusubiri London imwambie upo.