Majengo ya mawe ya Christchurch na matetemeko ya 2010–2011

Majengo ya mawe ya Christchurch ni makanisa, majengo ya elimu na ya serikali yaliyojengwa tangu miaka ya 1860 katikati ya jiji la Christchurch, kwenye Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Mengi yaliharibika vibaya katika matetemeko ya ardhi ya tarehe 4 Septemba 2010 na 22 Februari 2011, na baadhi yake hayapo tena.

Asili

Mji ulianzishwa mwaka 1850 na walowezi kutoka Uingereza waliotaka makazi ya Kianglikana. Majengo ya awali yalikuwa ya mbao. Baadaye viongozi wao walitaka mji ufanane na ule waliouacha kwao, wakajenga kwa mawe kwa mtindo wa Kigothi, wenye minara mirefu na madirisha yaliyochongoka juu. Msanifu aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni Benjamin Mountfort. Alibuni ukumbi wa Baraza la Jimbo la Canterbury (1865) na jengo la makumbusho, tena alisimamia ujenzi wa Kanisa Kuu la Kianglikana kwa kufuata michoro ya George Gilbert Scott wa London. Kanisa hilo lilianzwa mwaka 1864 na kukamilika mwaka 1904.

Jinsi kuta zilivyojengwa

Mtu akitazama ukuta wa aina hii kwa nje hudhani ni jiwe tupu toka upande mmoja hadi mwingine. Sivyo. Kwa kawaida ni kuta mbili nyembamba za mawe yaliyochongwa, na katikati yake yamejazwa mawe madogo na chokaa. Ukuta kama huo hubeba uzito wa paa kwa miaka mia bila shida, kwa sababu uzito hukandamiza kuelekea chini. Tetemeko huuvuta na kuusukuma kando, na chokaa haina nguvu ya kushika kitu kinachovutwa. Ngozi mbili za mawe huachana, mawe ya katikati hushuka na kuzisukuma zaidi, kisha ukuta hufumuka. Sehemu za juu huyumba kuliko za chini, kwa hiyo minara, mabomba ya moshi na ncha za kuta zilizo chini ya paa hutangulia kuanguka.

Dalili zilionekana mapema. Mnara wa Kanisa Kuu ulipoteza kilele chake cha mawe katika tetemeko la 1888, ukajengwa upya, ukaharibika tena mwaka 1901. Safari hiyo kilele kiliundwa kwa mbao ngumu na kufunikwa kwa shaba ili kiwe chepesi. Kuta za chini zilibaki za mawe.

Matetemeko

Tetemeko la Septemba 2010 lilikuwa na ukubwa wa 7.1, lakini kitovu chake kilikuwa karibu na Darfield, kiasi cha kilomita 40 magharibi mwa jiji, nalo lilitokea alfajiri watu wakiwa wamelala. Majengo mengi ya mawe yalipata nyufa yakabaki yamesimama. La Februari 2011 lilikuwa dogo, 6.3, ila lilitokea kama kilomita 10 tu kutoka katikati ya jiji, kina cha kilomita 5 hivi, saa 6:51 mchana. Ukubwa peke yake haupimi madhara. Wanafunzi wengi hukosea hapo. Katika bonde la Heathcote, karibu na kitovu, ardhi ilirushwa wima kwa nguvu iliyozidi mara mbili ya mvutano wa dunia.

Watu 185 walikufa. Wengi wao, 115, walikuwa ndani ya jengo la CTV, ambalo lilikuwa la zege, la miaka ya 1980. Hivyo si kweli kwamba majengo ya kale pekee ndiyo yaliyoua. Hata hivyo watu wapatao 40 walikufa kwa kuangukiwa na kuta za matofali au mawe zisizo na nondo, wengi wao wakiwa nje barabarani. Katika kanisa la Kimethodisti la Durham Street, lililojengwa mwaka 1864, wafanyakazi watatu waliokuwa wakikifungua kinanda ili kukiokoa baada ya uharibifu wa Septemba walifia ndani.

Mnara wa Kanisa Kuu la Kianglikana ulianguka siku hiyo, lakini hakuna aliyekufa humo; dirisha lake la duara liliporomoka katika mitetemo ya Juni 2011. Ukumbi wa Baraza la Jimbo uliporomoka, huku sehemu za mbao za majengo hayohayo zikibaki zimesimama. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, la mbao, la miaka ya 1870, halikudhurika sana. Makumbusho ya Canterbury yalisalimika kwa kuwa yaliimarishwa miaka mingi kabla.

Kujenga upya au kubomoa

Chuo cha zamani cha Canterbury, alikosoma mwanafizikia Ernest Rutherford, kilirekebishwa hatua kwa hatua; ukumbi wake mkubwa ulifunguliwa mwaka 2016. Kanisa Kuu la Kikatoliki, kazi ya Francis Petre iliyofunguliwa mwaka 1905, lilibomolewa kuanzia mwaka 2020.

Kanisa Kuu la Kianglikana lilileta mabishano marefu. Mwaka 2012 askofu alitangaza kwamba litabomolewa. Wapenzi wa majengo ya kale walikwenda mahakamani, na mwaka 2017 sinodi ilipiga kura ya kulikarabati. Makadirio yalipanda hadi dola milioni 248 za Nyuzilandi, na mwaka 2024, serikali ilipokataa kuongeza fedha, kazi ilisimamishwa. Waumini husali katika kanisa la muda lililobuniwa na Mjapani Shigeru Ban na kufunguliwa mwaka 2013. Limejengwa kwa mbao, makontena na mabomba ya karatasi ngumu.