Kadi za Posta za Wazee wa Vita

Si desturi ya kitabu hiki kueleza habari za nchi za mbali. Lakini chama tunachokitaja hapa kilikuwa cha kusaidiana kama hiki chetu, na sura za watu wake zimesalia katika kadi za posta ambazo wapenzi wa mambo ya kale huzikusanya.

Chama hicho ni Grand Army of the Republic, yaani Jeshi Kuu la Jamhuri, kilichoanzishwa na daktari Benjamin F. Stephenson huko Decatur, Illinois, Marekani, mwaka 1866. Wanachama walikuwa askari wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Nguzo zao zilikuwa udugu, hisani na uaminifu. Waliwatunza wajane na mayatima, wakaidai serikali malipo ya uzeeni, na kufikia 1890 walikuwa zaidi ya 400,000.

Mwenye kukusanya kadi hizo hana budi kujua kwamba zilichelewa. Biashara yake ilishamiri baada ya 1898, sheria ilipowaruhusu wachapaji binafsi kuuza kadi za kupelekwa kwa stempu ya senti moja. Kwa hiyo hatuoni vijana wenye bunduki, bali wazee wenye ndevu nyeupe, wakiandamana katika mji uliowakaribisha kwa mkutano mkuu, kama Salt Lake City mwaka 1909. Kadi nyingine ni za siku ya kupamba makaburi, 30 Mei, iliyoamriwa na mkuu wa chama, John A. Logan, mwaka 1868. Nyingi zilichapwa Ujerumani kwa rangi za kupendeza, lakini hazituelezi mengi: bendera, maua, tai, basi.

Nyuma ya kadi ndiko kwenye habari. Tangu Machi 1907 posta iliruhusu maneno yaandikwe upande wa anwani. Kabla ya hapo mwandishi aliyabana pembeni mwa picha. Watoto wenye kukusanya stempu wameharibu nyingi kwa mkasi, maana stempu ikiondoka, muhuri wenye tarehe na jina la mji huondoka nayo. Sisi makarani twaijua hasara ya barua isiyo na tarehe.

Linalotugusa zaidi ni habari ya askari weusi. Karibu 180,000 walitumikia jeshi la Kaskazini, na chama kiliwapokea. Wanachama weupe wa Louisiana na Mississippi walipotaka kuwatenga, mkutano wa Detroit wa 1891 ulikataa. Hata hivyo, katika kadi za dukani mtu hupekua wazee weupe wengi kabla ya kumpata mweusi mmoja. Ndiyo sababu picha ya tawi, iliyopigwa na mpiga picha wa mji na kuchapwa juu ya karatasi ya kadi, twaithamini kuliko gwaride lolote la rangi.

Chama hakikupokea wana wala wajukuu. Ilimpasa mtu awe ametumikia vita vile. Katika mkutano wa mwisho, Indianapolis, mwaka 1949, walihudhuria wazee 6, na posta ikatoa stempu ya senti 3 kwa heshima yao. Wa mwisho, Albert Woolson, alifariki Duluth mwezi wa Agosti 1956, na chama kikafungwa.