Ulinganifu na Hesabu ya 17: Nakshi za Alhambra katika Historia ya Dhana

Katika maandishi ya hisabati ya karne ya 20 kuna dai lililorudiwa mara nyingi kiasi cha kuonekana halihitaji ushahidi: kwamba kuta za kasri la Alhambra, mjini Granada, zina mifano ya aina zote 17 za ulinganifu zinazowezekana katika nakshi inayojirudia juu ya bapa. Insha hii inalichunguza dai hilo. Usahihi wa hesabu ni sehemu tu ya tatizo. Swali zito zaidi ni kuhusu kile kinachotokea pale mwanahistoria anapompima fundi wa karne ya 14 kwa kipimo kilichokamilika miaka zaidi ya 500 baada yake.

Dhana yenyewe haikuwa na maana hii tangu mwanzo. Kwa Wayunani, neno *symmetria* lilihusu kupimika kwa kipimo kimoja: mistari miwili ilikuwa nayo endapo kilikuwepo kipimo kinachoigawa yote miwili bila kubakiza kitu. Ubavu wa mraba na ulalo wake havikuwa nayo. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi wa usanifu majengo, alilitumia kwa uhusiano wa viungo vya jengo na jengo zima. Katika maana zote mbili hakuna kioo wala upande wa kulia unaojibu upande wa kushoto. Mwaka 1794 Legendre, katika kitabu chake cha jiometri, alitumia istilahi hiyo kwa maumbo mango yanayohusiana kama kitu na taswira yake kiooni, na baada ya hapo maana mpya ikapata nguvu. Inafaa kugusia kwamba neno letu *ulinganifu*, kwa kuwa linatokana na kulingana, liko karibu zaidi na Wayunani kuliko na Legendre. Anayesema mambo mawili yanalingana hafikirii kioo.

Karne ya 19 iliihamisha dhana kutoka kwenye umbo hadi kwenye tendo. Kitu kikawa na ulinganifu kwa sababu ya yale kinachoweza kutendewa kikabaki kama kilivyokuwa. Katika bapa matendo hayo ni manne: kuhamisha, kuzungusha, kuakisi, na kuakisi huku ukihamisha. Mwaka 1891 Fedorov, mtaalamu wa fuwele wa Urusi, alithibitisha kwamba nakshi inayojirudia katika pande mbili inaweza kuyaunganisha matendo hayo kwa namna 17 tu. Pólya aliyafikia matokeo hayohayo mwaka 1924 bila kutegemea kazi ya Fedorov.

Kwa nini ziwe chache hivyo? Sababu mojawapo ni kwamba mizunguko inayokubalika ni ya nusu, theluthi, robo na sudusi tu. Tuchukue mzunguko wa sehemu moja ya tano, na vituo viwili vya mzunguko huo vilivyo karibu kuliko vyote. Zungusha kila kimoja kukizunguka kingine, kuelekea upande uleule wa mstari unaoviunganisha. Vitatokea vituo viwili vipya ambavyo umbali kati yao ni pungufu ya nusu ya ule wa mwanzo. Hilo linapingana na kauli kwamba vya awali ndivyo vilivyokaribiana zaidi. Kwa hiyo tano haiwezekani.

Alhambra ilianza kujengwa chini ya ukoo wa Banu Nasri katika karne ya 13, na sehemu zake mashuhuri ni za enzi za Yusuf I na Muhammad V katika karne ya 14. Mtafiti wa kwanza kuzisoma nakshi zake kwa utaratibu kupitia nadharia ya makundi alikuwa Edith Müller, katika tasnifu yake ya Zürich ya mwaka 1944, aliyoiandika chini ya Speiser. (Baadaye alihamia unajimu wa kisayansi, akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia.) Müller hakudai kupata aina zote 17, idadi aliyoibainisha ilikuwa pungufu ya hapo. Hata hivyo waandishi waliofuata waliitaja Alhambra kana kwamba jambo limekwisha. Weyl naye, katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu ulinganifu, aliandika kwamba aina zote zimo katika nakshi za kale, hasa za Misri. Mwaka 1986 Branko Grünbaum na wenzake walihesabu aina 13 katika Alhambra. Mwaka uliofuata Pérez-Gómez alichapisha makala akidai kuzipata nne zilizokosekana.

Tofauti ya 13 na 17 haitokani na uzembe wa macho. Inatokana na maswali ambayo ukuta hauyajibu. Je, rangi zihesabiwe? Vigae vya umbo moja vikipakwa rangi mbalimbali, ulinganifu unapungua. Je, utepe unaopita juu na chini ya mwenzake uchukuliwe kuwa umepishana, au kuwa mstari tu? Ukikubali kupishana, uakisi unatoweka. Je, kipande kidogo ambamo umbo limejirudia mara mbili kinatosha kuitwa nakshi inayojirudia bila kikomo? Na vigae vilivyobadilishwa katika ukarabati wa karne ya 19, ni vya nani? Grünbaum aliyarudia masuala ya aina hii mwaka 2006. Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, hoja zake zinatosha kuliondolea dai la 17 hadhi ya ukweli wa kihistoria. Mwenye kuchagua kanuni zake za kuhesabu anaweza kuipata idadi anayoitaka.

Jambo hili lina uzito kwa watafiti wa Afrika. Mwaka 1971 Donald Crowe alitumia uainishaji huohuo kwa sanaa ya Wakuba wa Kasai, nchini Kongo. Alikuta aina zote saba za nakshi za ukanda na 12 kati ya zile 17 za bapa. Kazi yake ilikuja wakati ambapo wengi walikana kabisa kuwapo kwa fikra za kihisabati katika sanaa hizo, na thamani yake haiwezi kupuuzwa. Lakini namna inavyonukuliwa inaleta taabu: 12 kati ya 17 husomeka kama alama za mtihani, na mfumaji wa Kikuba anaonekana kukosa maswali matano ambayo hakuwahi kuulizwa.

Kitabu cha mwaka 1988 ambacho Crowe alikiandika na mwanaanthropolojia Dorothy Washburn kinafungua njia nyingine. Hapo uainishaji ni chombo cha kulinganisha. Jamii hupendelea aina chache za ulinganifu na kuzishikilia kwa muda mrefu, na upendeleo huo ukibadilika, mwanahistoria ana haki ya kuuliza ni nini kilichobadilika katika jamii. Swali hilo linamhusu fundi mwenyewe, na jibu lake linaweza kutafutwa katika ushahidi.

Turudi Granada kwa mfano mmoja. Nyota ya ncha nane ni umbo la kawaida sana katika Alhambra. Peke yake inaweza kuzungushwa kwa thumni ya duara ikabaki ileile. Fundi aliyeichora na kukata vigae vyake aliigawa duara sehemu nane, kisha akatafuta maumbo ya kujaza nafasi kati ya nyota na nyota. Nakshi nzima, ikiwa nyota zimepangwa katika miraba, inakubali mzunguko wa robo tu. Kwa hiyo ile thumni, iliyogharimu kazi yote hiyo ya bikari na patasi, haimo katika hesabu ya 17.